Kabla hujaenda eapoti: kazi ya kaunta sasa unaifanya wewe nyumbani

Wadau mnaopanda ndege Dar, Zanzibar au Nairobi kwenda Dubai, Doha, Istanbul na huko mbele, haya mambo mapya ya eapoti watu wanayachukulia kama urembo tu, mara geti linafunguka likiona sura yako, mara begi unalipima mwenyewe, ila ukiangalia vizuri kilichotokea ni kwamba ile kazi ya dada wa kaunta umepewa wewe uifanye siku mbili kabla ukiwa umekaa kwenye kochi. Na dada wa kaunta ulikuwa unaweza kumbembeleza. Mashine haibembelezwi.

Anza na jina, hapa ndo wengi wanakwama. Majina yetu kila karatasi ina tahajia yake, cheti cha kuzaliwa Mohamed, kitambulisho cha NIDA Mohammed, pasipoti Muhammad, halafu anayekukatia tiketi anaandika alivyosikia kwenye simu. Zamani mtu wa kaunta anakutazama, anatazama picha, anasema ni yeye, pita. Siku hizi nchi nyingi zinadai zitumiwe taarifa za abiria kabla ndege haijatua, na mashine inasoma ile mistari miwili ya chini kwenye ukurasa wa picha, ile yenye vialama vya <<<<. Kwa hiyo jina na namba nakili kutoka pale, sio kutoka kichwani, na tiketi ikishatumwa ifungue palepale uisome, maana kosa la herufi moja kulirekebisha mapema ni simu moja tu, ila ukiligundua umesimama kwenye foleni na mabegi hapo utalipia au utabaki. Akina dada mlioolewa mkabadili jina, tiketi ifuate pasipoti utakayosafiria, cheti cha ndoa geti halikisomi.

Pasipoti yenyewe itunze. Tanzania ilianza kutoa za kielektroniki Januari 2018 na ndani kuna chipu yenye taarifa zako na picha, ndo maana jalada lina kale kamstatili kenye duara katikati. Sasa mtu anaitia mfuko wa nyuma wa jinzi anaikalia kutwa nzima, kesho inagoma kusomeka anaanza kulaumu uhamiaji. Halafu tuambiane ukweli, mageti mengi ya kujihudumia hayakuwekwa kwa ajili yetu, kila nchi inachagua pasipoti za kupita pale, kwa hiyo ukielekezwa kwa ofisa usinune, wewe pangilia muda wa konekshen ukijua utapanga foleni ya watu. Watoto wadogo nao mara nyingi hawapiti kwenye mageti hayo hata kama mzazi anaruhusiwa.

Kwa wanaokwenda Ulaya, tangu 12 Oktoba 2025 nchi za Schengen, zile zinazotumia viza moja, zilianza mfumo wao unaoitwa EES, yaani badala ya mhuri wanasajili sura na alama za vidole, na wenye viza vidole huwa vilishachukuliwa siku ya kuomba. Hapo kwenye vidole nina neno na watu wa pwani. Kama una harusi halafu una miadi ya viza, hina na piko visifike ncha za vidole, wataalamu wa kupamba wanajua kuishia kwenye kiungo ukiwaambia, na mafundi ambao vidole vimesagika kwa saruji, anza kupaka mafuta wiki nzima kabla. Ni kitu kidogo lakini kinarudisha watu nyumbani. Na waliopo Uingereza, zile kadi za ukaazi za BRP ziliisha mwisho wa 2024, ruhusa yako ipo onlaini, ukibadilisha pasipoti ingia kwenye akaunti uweke namba mpya kabla hujarudi likizo.

Chekin fanya onlaini mapema, kampuni nyingi zinafungua saa 24 hadi 48 kabla. Ila usidanganyike ukafika dakika za mwisho, safari inayohitaji viza mfumo mara nyingi unakuambia nenda kaunta wakakague karatasi, na kaunta nyingi za kimataifa zinafunga saa moja kabla ndege haijaondoka.

Bodingi pasi ya kwenye simu ni nzuri, shirika la ndege la Ryanair la huko Ulaya tangu Novemba 2025 ndo wanayoitaka, lakini piga skrinshoti na kwa safari ndefu chapisha karatasi pia. Julai 2024 kompyuta zilipozimika dunia nzima sababu ya kasoro ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike kuna viwanja watu waliandikiwa pasi kwa kalamu, na Septemba 2025 shambulio la mtandao likalemaza mfumo wa chekin Heathrow, Brussels na Berlin.

Pawabenki haiendi kwenye begi la chini, kamwe. Iwe mkononi na isizidi Wh 100 (kipimo cha umeme inaoubeba), ambazo ni kama mAh 27,000, na kama maandishi yamefutika inaweza kuchukuliwa hata kama ni ndogo. Emirates tangu 1 Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria na huruhusiwi kuchajia ndani ya ndege.

Kuhusu vimiminika, mtasikia kwamba skana mpya zimefuta ule mchezo wa mililita 100, na ni kweli kwa baadhi ya viwanja, Edinburgh na Birmingham wanaruhusu mpaka lita mbili. Sasa sheria inayokuhusu ni ya kila kiwanja utakachokaguliwa, pamoja na pale unapobadilishia ndege, kwa hiyo asali ya Tabora na samli aliyokupa mama weka begi la chini, funga kwa nailoni nene mara mbili, achari ndo usiseme. Begi lenyewe lipige picha nje na ndani, na kile kikaratasi cha msimbo wanachokubandikia usikitupe, ndo wanachotafutia begi likipotea. Ukiwa na kifaa cha kufuatilia mizigo kama AirTag tumbukiza, siku hizi mashirika kadhaa yanapokea linki ya kuonyesha lilipo.

Diaspora mnaorudi na pasipoti za kigeni, viza ya Tanzania ombeni kwenye tovuti yenyewe ya Uhamiaji, inaishia na go.tz, zile za juu kwenye matokeo ya matangazo wanakula pesa ya ziada kwa kazi ambayo ungefanya mwenyewe.

Na kadi ya njano jamani, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Pamoja na kamera zote hizi yenyewe bado ni kile kijikaratasi, picha ya kwenye simu inaweza kukataliwa, na chanjo inahesabiwa baada ya siku 10, kwa hiyo kuchanja usiku wa kuamkia safari hakusaidii.