Kuchagua Gitaa la Umeme la Kupigia Roki ya Zamani Ukiwa Dodoma

Wapigaji wengi wa hapa Dodoma hujifunza gitaa la umeme kanisani au kwenye bendi za dansi, ambako sauti inayotafutwa ni safi, nyembamba kiasi, na yenye noti zinazosikika moja moja. Roki ya miaka ya 1960 na 1970 hudai jambo tofauti: sauti nzito inayokwaruza, noti inayodumu muda mrefu baada ya uzi kuguswa, na shingo inayomruhusu mpigaji kuvuta nyuzi bila noti kukatika. Ndiyo maana gitaa linalosifiwa na mpiga solo wa kwaya linaweza kumchosha mtu anayetaka roki, ingawa yote mawili yamekaa ukuta mmoja wa duka na kwa bei ileile. Utaratibu ufuatao ndio ninaoutumia ninapoombwa kumsindikiza mnunuzi dukani au kumkagulia gitaa la mtumba.

Hatua ya 1: Amua sauti kabla ya kuona gitaa

Chagua nyimbo tatu au nne unazotaka kuzipiga, uzisikilize kwa visikizio huku ukilifuata gitaa peke yake. Sauti nene na yenye uzito wa chini, kama ya Angus Young wa AC/DC anayepiga Gibson SG, hutokana na aina moja ya gitaa. Sauti ya kengele yenye makali, kama ya Jimi Hendrix au David Gilmour kwenye Fender Stratocaster, hutokana na nyingine. Keith Richards, kwa upande wake, amejenga sehemu kubwa ya muziki wa Rolling Stones juu ya Telecaster, gitaa jingine la kampuni ya Fender.

Usilishike jambo hili kama sheria, hata hivyo. Jimmy Page anafahamika kwa Les Paul, gitaa la kampuni ya Gibson, lakini katika albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, iliyotoka mwaka 1969, alitumia zaidi Telecaster. Brian May wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, hupiga gitaa alilolitengeneza nyumbani na baba yake, ambalo shingo yake ilichongwa kutoka mbao za fremu ya meko ya zamani. Jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa lina uzito mdogo kuliko wauzaji wanavyotaka uamini.

Hatua ya 2: Chagua pikapu

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, nami humshauri mnunuzi atumie muda mwingi katika hatua hii kuliko kwenye rangi na umbo. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma unapotikisika juu yake, huzalisha umeme mdogo unaokwenda kwenye amplifaya. Pikapu ya koili moja, iliyopo kwenye Stratocaster na Telecaster, hutoa sauti ang'avu, lakini koili hiyohiyo hunasa pia mvumo wa umeme wa majumbani, ambao nchini kwetu una mzunguko wa hezi 50.

Pikapu ya koili mbili ilibuniwa na Seth Lover katika kampuni ya Gibson mnamo 1955, na ikaanza kufungwa kwenye Les Paul mwaka 1957. Koili zake zimezungushwa pande zinazopingana na sumaku zake zimegeuzwa, hivyo mvumo unaoingia kwenye koili moja hufutwa na ule wa koili ya pili, ilhali sauti ya nyuzi hujumlishwa. Matokeo ni sauti nene na yenye nguvu zaidi, inayoisukuma amplifaya kukwaruza mapema. Huo ndio msingi wa sehemu kubwa ya roki ya miaka ya 1970.

Kwa mazingira yetu ninaegemea upande wa koili mbili, na sababu yangu si ladha tu. Ukipiga kwenye ukumbi wenye taa za bei nafuu na jenereta nje, au ukifanyia mazoezi nyumba iliyo kwenye laini moja na fundi wa kuchomelea mageti, mvumo wa koili moja ukiongezewa distosheni, yaani ule mkwaruzo wa amplifaya, huweza kuumeza wimbo katika kila kituo. Anayependa sauti ya Stratocaster lakini hataki adha hiyo atafute gitaa lenye pikapu mbili za koili moja, na pikapu moja ya koili mbili karibu na daraja, yaani pale nyuzi zinapokalia mwili wa gitaa. Yamaha Pacifica nyingi zimepangwa hivyo. Kwenye Stratocaster nyingi za kisasa pia, swichi ya kuchagua pikapu ikiwekwa nafasi ya pili au ya nne hufanya pikapu mbili zishirikiane na kufuta mvumo, ingawa sauti ya nafasi hizo ni laini mno kwa roki nzito.

Hatua ya 3: Daraja na urefu wa nyuzi

Chagua daraja lisilotikisika, isipokuwa nyimbo zako zinahitaji kweli mkono wa kutikisa nyuzi. Madaraja ya kutikisa yaliyofungwa kwenye magitaa ya bei ya chini huharibu tyuni, na uzi mmoja ukikatika katikati ya wimbo, nyuzi tano zilizobaki nazo hupanda.

Urefu wa nyuzi unaopigwa, yaani kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye daraja, ni milimita 648 kwa magitaa ya mtindo wa Fender na takribani 628 kwa mtindo wa Gibson. Tofauti hiyo ya sentimita mbili hufanya nyuzi za unene uleule ziwe laini zaidi kwenye gitaa fupi, na hivyo kuvutika kwa urahisi. Kwa hiyo uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, wa inchi 0.010 unafaa kwenye gitaa la mtindo wa Gibson, na wa 0.009 kwenye lile la mtindo wa Fender, hasa kwa vidole ambavyo havijakomaa.

Hatua ya 4: Kagua shingo kwa mkono

Pitisha kiganja kando ya shingo, juu na chini, kutoka kichwani hadi kwenye mwili. Ikiwa ncha za freti, yaani vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole, zinakukwaruza, ubao wa vidole umekauka na kusinyaa huku chuma cha freti kikibaki na urefu wake. Tatizo hili linawahusu sana watu wa kanda ya kati, kwa sababu magitaa mengi hufika kupitia Dar es Salaam, ambako hewa ya pwani ina unyevu mwingi; gitaa lililokuwa laini kabisa Kariakoo huanza kutoa meno baada ya kukaa Dodoma wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba hasa. Si sababu ya kulikataa gitaa. Fundi mwenye tupa ndogo na subira anaweza kulisawazisha, lakini gharama hiyo uiingize kwenye bei unapopatana.

Kisha bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza na, kwa mkono mwingine, pale shingo inapoungana na mwili. Angalia upenyo kati ya uzi na freti ya saba au ya nane: robo milimita hivi inatosha. Pakiwa hakuna upenyo wowote, au ukiwa mkubwa, muulize muuzaji kama chuma cha kunyoosha shingo, kilichomo ndani yake, kinazunguka. Kama kimekwama, liache gitaa hilo.

Jaribio la mwisho la shingo ndilo la roki hasa. Kwenye freti ya 12 kwenda juu, vuta uzi wa pili na wa kwanza hadi noti ipande hatua nzima, uishikilie hapo. Noti ikifa au ikianza kukwaruza kwa kugusa freti nyingine, freti hazijalingana au nyuzi ziko chini mno. Kimo cha kawaida kwenye freti ya 12 ni takribani milimita 1.6 kwa uzi wa kwanza na 2 kwa wa sita.

Hatua ya 5: Lisikilize kwenye amplifaya

Usikubali kununua gitaa la umeme bila kulichomeka. Zungusha vitufe vyote pole pole: sauti ya kukwaruza humaanisha vumbi, ambalo Dodoma halikosekani, na dawa ya kusafishia viungo vya umeme kwa kawaida hulimaliza. Gonga kila pikapu taratibu kwa bisibisi ili kuhakikisha kila koili inaitika, kisha tikisa waya kwenye soketi usikie kama sauti inakatika. Piga kwanza kwa sauti safi, kwa kuwa distosheni huficha kasoro nyingi.

Hatua ya 6: Bakiza fedha ya amplifaya

Theluthi moja ya bajeti, kwa uchache, iende kwenye amplifaya na marekebisho ya gitaa. Les Paul ya bei kali iliyochomekwa kwenye spika ya matangazo ya kanisa haitatoa roki, kwa kuwa sehemu kubwa ya sauti hiyo hutengenezwa na amplifaya inayolemewa pamoja na spika ya gitaa yenyewe. Epiphone au Squier, ambazo ni chapa za bei nafuu zinazomilikiwa na Gibson na Fender, ikiunganishwa na amplifaya ndogo yenye kitufe cha distosheni, itakuridhisha zaidi.

Soma kibandiko cha nyuma ya amplifaya kabla ya kuichomeka. Iliyoletwa kutoka Marekani huwa imetengenezwa kwa volti 120, na ukiichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za hapa utaiunguza. Tafuta iliyoandikwa volti 220 hadi 240.

Hatua ya 7: Kulisafirisha na kulitunza

Kichwa cha gitaa la mtindo wa Gibson kimeinama kwenda nyuma, na mbao za eneo hilo hupasuka gitaa likianguka chali. Ukiagiza kutoka Dar es Salaam, lisiwekwe kwenye buti ya basi likiwa kwenye mfuko mwepesi. Dai boksi gumu, sehemu ya chini ya kichwa ijazwe nguo, na nyuzi zilegezwe kidogo. Likishafika, liache kwenye boksi lake, pamoja na kikasha cha sabuni kilichotobolewa chenye sponji iliyokamuliwa maji. Subiri wiki mbili au tatu kabla ya kulipeleka kwa fundi, ili mbao ziwe zimezoea hewa ya hapa wakati anapopima kimo cha nyuzi.