Kuvua wolai ziwa Mille Lacs kiangazi, ukiwa na watoto na mama mkwe

Wadau wa Minnesota huku Marekani na majirani, kila mwaka ikifika Juni naulizwa swali lilelile, hivi nyie mnawapataje wale samaki, sisi tulikaa ziwani kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi tukarudi na ngozi zimeungua tu. Jibu liko humohumo kwenye swali. Saa nne mpaka saa kumi ndio muda ambao wolai hana habari na wewe.

Kwenye vibao vya huku wanaandika walleye, nyumbani kwangu tumeshamfanya wolai na watoto wanajua ndio jina lake. Ni samaki wa jimbo la Minnesota tangu 1965, mwembamba mrefu, mwili una rangi ya dhahabu iliyochujuka, tumbo jeupe, na ncha ya chini ya mkia ina weupe, ukiuona huo weupe ujue ndiye. Ana meno, usimtie kidole mdomoni. Ila cha kumwangalia ni jicho. Nyuma ya jicho kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo, kama paka vile, ukimmulika tochi usiku linawaka. Sisi wa Mwanza hili halitushangazi, sangara naye ukimmulika macho yanawaka, japo hao wawili hawana undugu wa karibu. Sasa jicho la hivyo linaona vizuri gizani na kwenye maji machafu kuliko visamaki anavyovila, kwa hiyo yeye anawinda pale wenzake wanapoanza kupapasa. Jua likiwa kali anashuka chini au anatulia tu.

Ukishalielewa hilo jicho, mengine yote unayapanga mwenyewe. Utatoka saa ngapi? Jioni. Mwezi wa saba jua linazama kama saa tatu usiku, kwa hiyo muda mtamu ni saa moja na nusu mpaka giza linapoingia. Alfajiri nayo ni nzuri sana lakini jaribu kuamsha watoto watatu saa kumi usiku halafu uniambie. Siku ya mawingu je? Nenda hata mchana. Upepo? Upepo wa kiasi ni rafiki yako, unavunjavunja uso wa maji mwanga haupenyi vizuri, na wolai anaamka. Maji yakitulia kama sahani na jua limewaka, piga picha, kula maandazi, usitegemee kitu.

Sisi tunakaa Brooklyn Park, tunapanda barabara ya 169 kwenda juu, kama saa moja na nusu hivi ukiwa na bahati na foleni ya Ijumaa, watoto wakiiona ile sanamu kubwa ya wolai pale Garrison wanajua tumefika. Mille Lacs lina kama kilomita za mraba 536, yaani kwa Victoria ni kidimbwi, lakini ukisimama ufukweni ng'ambo huioni vizuri. Na kina chake pale penye kina kirefu kabisa ni futi 42 tu. Hapa ndipo watu wanadanganyika. Ziwa pana halafu fupi kwa kina, upepo ukiligeukia linachemka ndani ya dakika chache, mawimbi mafupimafupi yaliyosimama ambayo yanapiga boti kama mtu anagonga mlango kwa hasira. Mwaka wa kwanza nilikodi boti ndogo ya futi 16 nikajifanya mtoto wa ziwa, nimekulia Kirumba bwana, nani ataniambia kitu. Saa kumi na moja upepo ukageuka ukatoka kaskazini magharibi, tulikuwa mbali na ukingo, kijana wangu wa kati alitapika mpaka kwenye kiatu changu na mama watoto hakuongea na mimi mpaka tulipofika mji wa Elk River, karibu na nyumbani. Kosa langu lote, utabiri ulikuwepo kwenye simu na sikuufungua.

Kwa hiyo kama ndio mara yako ya kwanza na una familia, nashauri lonchi. Ni boti kubwa za pale ziwani, zinabeba watu wengi, ina nahodha wake, fimbo na chambo vimo kwenye nauli, mnakaa kama masaa manne, na nyingi zina choo, na mwenye mtoto wa miaka minne ananielewa kwa nini nimekitaja choo. Nahodha anajua samaki wako wapi wiki hiyo, wewe kaa, angalia, uliza maswali, hiyo ndio shule. Ukishazoea, kodi pantoni. Pantoni ya huku sio ile ya Kigongo na Busisi iliyokuwa inabeba malori kabla ya daraja, ni boti bapa yenye viti na kivuli juu ya maboya mawili marefu, mama mkwe anakaa kama yuko sebuleni. Ila pantoni haipendi mawimbi, sheria yangu binafsi ni kwamba upepo ukitabiriwa kupita maili 15 kwa saa na watoto wamo, tunabaki nchi kavu tunachoma nyama. Na ngurumo hata moja ukiisikia, geuza.

Laifu jaketi sibishani na mtu. Sheria ya Minnesota inasema mtoto chini ya miaka 10 avae boti ikiwa inatembea, na kila mtu awe na yake ndani ya boti. Kwangu mimi watoto wanavaa kuanzia gatini mpaka gatini, na mama mkwe anavaa, alikataa mwanzoni akasema amevuka kwenda Ukerewe mara mia bila hilo dude, nikamwambia mama maji ya huku ni baridi hata Julai, akalivaa juu ya kitenge.

Vibali. Kuanzia miaka 16 unahitaji leseni, watoto wenu wa hapa chini ya hapo hawahitaji. Mke na mume mnaweza kuchukua leseni moja ya pamoja, inapungua bei. Mgeni kutoka nyumbani anachukua ya wasio wakazi, kuna ya saa 24, inatosha kabisa kwa safari moja. Zote unanunua mtandaoni kwa DNR, ile idara ya maliasili ya jimbo. Na ukiwa humohumo fungua ukurasa wa Mille Lacs peke yake, usitumie sheria ya jumla ya jimbo, maana ziwa hili lina masharti yake na yanabadilika kila mwaka, saa nyingine katikati ya msimu. 2015 walifunga mwezi wa nane watu wako likizo, 2016 ikawa unavua unaachia. Samaki wa pale wanagawanywa kati ya jimbo na makabila ya Ojibwe, wenyeji wa asili wa huku, kwa mkataba wa 1837 ambao Mahakama ya Juu ya Marekani iliuthibitisha 1999, kila upande una kiasi chake, kikikaribia kuisha wanabana. Kuna miaka walikataza kuvua usiku kabisa. Soma siku hiyohiyo unayoenda, na beba rula maana urefu unaoruhusiwa unapimwa kwa inchi.

Haya sasa kuvua kwenyewe. Njia ziko nyingi, kuna wanaoburuta vijiko, vile vibati vya kung'aa, na nyungunyungu nyuma ya boti kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu, na hiyo inafanya kazi vizuri mchana, lakini ukiwa na watoto watatu nyuzi zitasukana mpaka ulie. Mimi natumia boya la kuteleza na mruba. Ndio, mruba, yule yule mnyonya damu, wanauza madukani pale ziwani kwa dazani kwenye kikopo. Binti yangu mkubwa alipiga kelele siku ya kwanza, sasa hivi ndiye fundi, anawatoa kwa vidole viwili huku anatafuna chipsi.

Mpango wake uko hivi. Kwenye uzi wako unafunga kwanza kifundo kidogo cha uzi mwingine, kinasogezeka juu na chini, vinauzwa tayari. Chini yake ushanga mmoja, chini ya ushanga boya lenye tundu katikati, uzi unapita humo, halafu risasi ndogo ya kuzamisha uzi, halafu kama futi moja na nusu ya uzi, halafu ndoana namba 6 au 8. Ukirusha, boya liko karibu na risasi kwa hiyo hata mtoto anarusha bila kumng'oa mtu sikio. Likitua, risasi inazama na uzi unateleza ndani ya boya mpaka kile kifundo kigonge ushanga, hapo linasimama wima. Kifundo ndicho kinachoamua kina. Unataka mruba uning'inie futi moja juu ya chini ya ziwa, maana wolai anaangalia juu akiwinda, ukimlaza chini kwenye tope hamwoni. Kujua kina bana chuma chochote kizito kwenye ndoana, shusha, boya likizama kifundo kiko chini mno, kipandishe, likilala ubavu umezidisha, kishushe. Mruba mtoboe kwenye lile pande nene lenye kinyonyio, mara moja tu, abaki anajikunja na kujinyoosha. Asipocheza mbadilishe. Na kopo liwe kivulini, wakipata joto wanakufa wote kabla hamjaanza.

Wapi? Kusini mwa ziwa kuna miamba, kaskazini kuna majukwaa ya tope yaliyoinuka kutoka chini. Jioni sogea kwenye miamba, tia nanga upande upepo unakotoka ili maboya yaelekee juu ya mwamba yenyewe. Mwezi wa sita mpaka wa saba mwanzoni kuna wadudu wanatoka kwenye lile tope kwa maelfu, wanaruka kama wale wa Victoria wanaofanana na moshi juu ya maji, siku hizo wolai ameshiba, hata ukimwekea biriani hageuki. Usijilaumu.

Boya likizama, na hapa ndipo wote tunakosea, usivute kwa nguvu papo hapo. Mtoto atapiga kelele baba baba, mwambie azungushe rili, kile kigurudumu cha uzi kwenye fimbo, uzi unyooke, akisikia uzito ndio ainue fimbo kwa mkono wa taratibu mrefu. Wavu wa mkono uingie majini kabla samaki hajafika, kichwa kitangulie. Mapezi ya mgongoni ni miiba na vifuniko vya mashavu vinakata, mshike na kitambaa chenye maji. Ukimwachia, mwachie haraka, kwake maji ya kiangazi yana joto na baadhi ya wanaoachiwa hufa hata kama wameogelea vizuri wakiondoka, na hao wanaokufa wanahesabiwa kwenye kile kiasi cha mwaka. Akimeza ndoana kata uzi, usichimbe.

Vya watoto nitasema kwa kifupi: losheni ya jua, dawa ya mbu, sweta maana baada ya jua kuzama kunapoa ghafla, na chakula mara mbili ya unachofikiri. Watoto wakichoka, hata kama samaki ndio kwanza wanaanza kula, rudi.

Mkirudi gatini ziwa lina kome wa zebra tangu 2005, wavamizi wanaosambazwa na boti, kwa hiyo kama boti ni yako toa kizibo, mwaga maji yote, na uivute barabarani ikiwa kizibo kiko nje. Chambo kilichobaki kinatupwa kwenye pipa la taka, kumwaga ziwani ni kosa. Na usipasue samaki humo ndani ya boti, mtu wa sheria anataka kumpima mzima. Mkimtoa minofu kabla ya kusafiri kwenda nyumbani acha kipande cha ngozi yenye magamba cha inchi moja kwenye kila mnofu ili ajulikane ni nani.

Sasa Wamarekani wakishatoa minofu wanatupa kilichobaki. Mama mkwe alisimama pale kwenye meza ya kusafishia samaki, jirani yetu wa boti anatupa vichwa ndoo nzima, akanishika mkono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, huyu ana matatizo gani?" Ikabidi niviombe. Jamaa akatugawia vyote na akatuonyesha mashavu yanavyotolewa kwa ncha ya kisu, vinyama viwili vya duara kama sarafu, vitamu kuliko mnofu wenyewe. Minofu ilikwenda kwenye ndimu, chumvi, kitunguu saumu, ikavingirishwa kwenye unga wa mahindi na kukaangwa mafuta ya moto sana, mnofu mweupe hauna vimiba vya kusumbua watoto. Wadogo wapeni samaki wadogo na sio kila siku, wakubwa wana zebaki zaidi, wizara ya afya ya jimbo ina mwongozo wake.

Vichwa vikaingia sufuriani na nyanya, bilinganya na pilipili mbuzi nzima. Mtoto wangu wa mwisho, aliyekuwa amemmulika wolai wa kwanza kwa tochi ya simu mpaka betri ikaisha, alichungulia kwenye bakuli, jicho limeshakuwa jeupe kama la samaki mwingine yeyote, akasema baba, taa imezimika. Bibi yake akalichukua akalila.