Kagua stima ya nyumba yako kwa mita na saa

Wakaguzi wa kawi wenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi ya Kenya, wapo, ila kazi yao kubwa iko viwandani na hotelini. Nyumba ya vyumba viwili vitatu Kisauni au Likoni, Mombasa, yataka kalamu, saa na usiku mmoja tu.

Kwenye mita, karibu na kitaa kinachomweka, pameandikwa namba, mara nyingi 1000 imp/kWh: kikimweka mara 1000, yuniti moja imekwisha. Hesabu sekunde toka mmweko mmoja hadi wa pili, kisha gawa 3600 kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazoliwa wakati huo. Ukiwasha feni ya dari peke yake na kitaa kikimweka kila sekunde 50, feni inakula wati 72. Mita ya namba tofauti, gawa 3,600,000 kwa namba hiyo kwanza, utumie jibu lake badala ya 3600.

Sasa chomoa kila kitu, friji pia, utazame kitaa dakika tano. Kikimweka, kuna mlaji usiyemjua: pampu, taa ya ngazini, au mpangaji mwenzio aliyeungwa kwenye waya wako. Zima swichi kuu. Kikimweka bado, tatizo liko kati ya mita na swichi hiyo. Usifungue chochote, ita fundi mwenye leseni.

Friji haipimwi kwa mmweko, kwa sababu mashine yake huwaka na kuzima. Saa nne usiku andika salio la yuniti, uache friji na feni tu (kulala Mombasa bila feni ni adhabu). Saa kumi na mbili asubuhi soma tena. Tuseme zimepungua 1.1. Feni ya wati 72 kwa saa nane ni 0.58, friji imekula 0.52, yaani yuniti 47 hivi kwa mwezi, na mchana huzidi kwa joto na kufunguliwa. Hapo ndipo pesa zinapopotea: wastani wako wa miezi mitatu ukipita yuniti 100 kwa mwezi, Kenya Power, kampuni ya stima, hukupandisha daraja la bei.

Bana noti kwenye mlango wa friji. Ikichomoka bila kukazika, mpira umechoka; badilisha mpira, si friji. Isogeze mbali na ukuta kiasi cha upana wa kiganja, na upanguse mabomba ya nyuma, maana vumbi likichanganyika na unyevu wa chumvi hugandamana na joto halitoki. Barafu ikipita nusu sentimita, iyeyushe. Kisu usitie, utatoboa bomba.

Eisii (AC): osha chujio kila wiki mbili, weka nyuzi 26. Madirisha ya luva hayazuii baridi hata yakifungwa. Ziba chumba kimoja tu, ulale humo.

Pampu ikiwaka usiku na hakuna anayefungua maji, huenda choo kinavuja. Tia rangi ya chakula kwenye tangi la choo. Ikionekana bakulini baada ya dakika 20 kabla ya kufulashi, mpira wa chini umekwisha.

Rudia kipimo cha friji Februari, joto la kaskazi likikaza.