Rivian R1S: tazama tairi kabla ya kulaumu betri

Ukiagiza Rivian R1S, gari kubwa la umeme, swali la tairi lisiwe la mwisho. Kwenye R1S za kizazi cha kwanza, za inchi 21, za barabara ya lami, ndizo zilizofika mbali zaidi kwa chaji moja. Zile za inchi 20 zenye meno makubwa ya matope na mawe, kampuni yenyewe ilieleza kuwa zinapunguza umbali wa chaji moja kwa asilimia 10 hadi 15. Za inchi 22, kwa asilimia 5 hadi 10. Kama njia yako ni kazini na sokoni, meno hayo unayalipia umeme bure. Mwenye shamba bondeni, sawa, yeye ana sababu.

Upepo wa tairi ni psi 48, na upimwe asubuhi gari likiwa halijatembea. Baridi ikiingia hushuka kimyakimya, kwa hiyo usisubiri taa iwake.

Sasa modi za kuendeshea. Kwenye lile la mota nne, Conserve, modi ya kubana umeme, hushusha bodi na kuachia mota za nyuma, gari likavutwa na magurudumu ya mbele peke yake. Safari ndefu ya barabara kuu utaiona faida. Ila tairi za mbele ndizo zinazobeba kazi yote, na huisha upesi. Kata usukani hadi mwisho, inama, pitisha kidole upande wa ndani. Huko ndiko mpira unakolika bila wewe kuona. Ukikuta zimepungua kuliko za nyuma, zibadilishane nafasi mapema. Na mvua ikinyesha, rudisha All-Purpose, modi ya kawaida.