Usiishie kwenye povu: pima kichocheo baada ya kazi

Nafundisha kemia, na kila mwaka naona wanafunzi wakishangilia povu la jaribio la kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko wa kemikali, kisha wanaosha bika na kumwaga jibu lenyewe. Kwamba kichocheo hakitumiki kikaisha ni jambo la kuoneshwa kwenye mizani.

Vaa miwani ya kukinga macho. Pima karatasi ya kuchujia ikiwa kavu, uzito wake uuandike kwa penseli pembeni mwa karatasi hiyohiyo. Pima gramu 0.5 za kichocheo chetu, manganizi daioksaidi, ule unga mweusi unaochafua vidole. Mimina mililita 20 za haidrojeni peroksaidi ya 3% kwenye bika, uitazame dakika nzima. Kimya. Inavunjika, ila kwa mwendo wa kobe.

Tia unga. Povu litapanda papo hapo na bika litapata joto. Shusha kijiti chenye kaa jekundu juu kidogo ya povu, kisiguse: kitawaka upya, maana hewa inayotoka ni oksijeni. Kinachobaki ni maji. Usijaribu kufunga chombo kwa kizibo. Kila mililita 1 ya peroksaidi hiyo hutoa takriban mililita 10 za gesi.

Kinachotokea ni hiki: molekuli za peroksaidi hushika kwenye uso wa chembe za unga, na hapo huvunjika kwa nishati ndogo kuliko zikiwa peke yake. Oksijeni na maji vikiondoka, nafasi inabaki wazi kwa nyingine. Ndiyo maana unga laini hushinda mabonge ya uzito uleule. Ukiongeza unga, gesi hutoka haraka zaidi, lakini jumla yake haizidi, kwa kuwa peroksaidi ni ileile.

Povu likikoma kabisa, chuja, suuza bika kwa maji ili chembe zote zishuke, kisha kausha. Hapa niliwahi kuumbuka. Nilikuwa na haraka, nikapima karatasi na unga vikiwa bado na unyevu, nikatoa uzito wa karatasi, nikabaki na gramu 0.7. Sauti ikatoka nyuma: "Mwalimu, kichocheo kimezaa!" Siku hizi nakausha, napima, nakausha tena, napima tena, hadi namba isibadilike. Toa uzito wa karatasi. Nikipata 0.49 silalamiki, vumbi kidogo hung'ang'ania bika.

Unga huo siutupi. Nauweka kwenye kichupa, na darasa linalofuata huanza nao bila kuambiwa kwamba umeshafanya kazi.