Mke wa ziwani: namna tulivyoitoa ngano daftarini tukaipandisha jukwaani

Kila mwaka kidato cha tatu wakipewa kazi ya kugeuza hadithi kuwa tamthilia, wengi humkabidhi msimulizi hadithi nzima aisome, wahusika wakabaki wamesimama pembeni kama wanaosubiri basi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili hapa Kigoma, na jambo hili linanikera kwa sababu ngano zetu zina machozi ya kweli ndani yake. Ukiwa na kazi kama hiyo, fanya hivi tulivyofanya sisi.

Mwanafunzi mmoja alileta ngano ya bibi yake wa Ujiji. Mvuvi wa dagaa anaoa mwanamke aliyetoka ndani ya Ziwa Tanganyika, kwa sharti moja: asivue usiku wa mbalamwezi. Mtoto wao anaugua, mvuvi anavunja mwiko, na alfajiri wavu unapanda na khanga ya mkewe tu.

Usianze kwa kuuliza nini kilitokea. Uliza ni wapi mtu huyu angeweza kurudi nyuma, asirudi. Huku kwetu jibu liko wazi: mbalamwezi ikiwaka taa haiwavuti dagaa vizuri, wavuvi hupumzika, na siku hizo ndizo ambazo nyumbani hakuna hela. Mwiko umekaa palepale penye shida. Onyesho la usiku huo liandike kwanza, hata kabla ya onyesho la ndoa.

Daftari la mwanafunzi lilisema: "Njaa ilipozidi, mvuvi alisahau ahadi yake akaenda ziwani." Tuliizungukia sentensi hiyo vipindi viwili, dakika 80, ikawa hivi:

MKE: Unakwenda wapi na karabai, na mwezi ule?
MVUVI: Kuangalia mtumbwi.
MKE: Kwa karabai?
(Kimya. Mtoto anakohoa ndani. Mvuvi anaiweka taa chini. Mtoto anakohoa tena. Anaiokota.)

Neno "njaa" halimo, wala "ahadi". Wala hakusahau, anakumbuka vizuri sana, ndiyo maana anadanganya. Kwenye mabano andika kinachoonekana na kusikika tu. "Anajuta moyoni" haichezeki. "Anaiweka taa chini" inachezeka.

Baada ya hapo, kata bila huruma. Ngano ilikuwa na harusi, miaka saba ya neema na safari ya chini ya maji. Tulibakiza maonyesho matatu: sharti, taa, alfajiri. Miaka saba ilipita kwenye maneno ya jirani aliyekuja kununua dagaa.

Kuhusu maajabu niwe mkweli. Mwaka wa nyuma, kwenye mchezo mwingine, niliruhusu joka la maboksi. Lilipotokea, kichwa kikaning'inia, bwalo zima likacheka mtoto akiwa anakufa jukwaani. Wanafunzi wangu walilia nyuma ya pazia, na uamuzi ulikuwa wangu. Tangu hapo kiumbe hakionekani. Ziwa letu ni kaniki mbili zilizoshikwa pembeni na wanafunzi wanne waliopiga magoti. Mawimbi ni maharage ndani ya ungo, yanayoinamishwa polepole upande huu na ule. Kinapotoka kitu majini, tunamtazama mama mkwe, yaani mama yake mvuvi. Anachambua dagaa, uso kwa hadhira. Mikono inapunguza mwendo, inasimama, kisha anasalimia kwa Kiha, kwa heshima, kama anayemwamkia mkubwa wake. Hakuna aliyecheka.

Karabai tuliazima kwa mzee aliyeacha uvuvi. Msiwashe moto bwaloni. Tochi ndogo nyuma ya kioo inatosha. Mavazi ni ya nyumbani, usiyahangaikie.

Kabla ya kufanya mazoezi ya kutembea jukwaani, kaeni chini ya mwembe msome kwa sauti mara tatu. Mstari unaomkwaza mchezaji kila mara, ufute. Tulianza na kurasa 17, tukabaki na 9, na onyesho lilichukua dakika 20.

Mwishoni kundi langu lilitaka bibi ajitokeze aseme funzo, kwa kuwa mtihani huuliza dhamira. Niliwaambia dhamira waiandike kwenye karatasi ya mtihani. Jukwaani mvuvi anaingia na khanga inayochuruzika maji, anaianika kwenye kamba bila kusema kitu. Mtoto anatoka ndani, amepona, anauliza, "Mama kaoga?" Ungo wa maharage unainama mara moja, tochi inazimwa.