Ukifanya kazi na Wafilipino, anza na kapwa

Mimi ni muuguzi Muscat, na wengi tunaoshika nao zamu ni Wafilipino. Ukiajiriwa huku, jifunze kwanza kapwa: kwamba nafsi yako na ya mwenzako hazitengani. Virgilio Enriquez, aliyerejea Ufilipino kutoka masomoni Marekani mwaka 1971 na kuasisi saikolojia ya Kifilipino, aliiona kapwa kuwa kiini cha yote.

Mwanzoni utakuwa ibang tao, mtu wa nje. Utapewa adabu tu, pakikitungo. Usiudhike wala usiharakishe. Kaa nao wakila, onja ukikaribishwa, shiriki shughuli zao. Ngazi hupandwa hivyo hadi uwe hindi ibang tao, mmoja wao. Kilele ni pakikiisa, umoja kamili.

Gumu zaidi, na ndilo ninalolithamini kuliko yote, ni pakiramdam: kuhisi yasiyosemwa. Ukiomba kubadilishana zamu ukajibiwa "labda" kwa sauti ya chini, usisisitize. Mara nyingi hiyo ni hapana. Usimkosoe mtu mbele ya wenzake, maana unagusa hiya, staha yake. Mwite kando, muulize habari za nyumbani, kisha sema lako taratibu.